Mbaruk wa Gasi alipobaki na mnunuzi mmoja

Kila nikiposti kitu kuhusu Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gasi, komenti zinagawanyika kabla hata chai haijapoa. Kundi la kwanza: "Shujaa wetu huyo, alipigana na Mwingereza." Kundi la pili: "Shujaa gani, si alikuwa na watumwa?" Halafu wanaanza kurushiana maneno wao kwa wao, mimi mwenye ukurasa nimeshasahaulika. Leo naandika ndefu kwa sababu vidio ya dakika moja na nusu haitoshi, na kwa sababu naona makundi yote mawili yanabishana kuhusu mpiganaji. Mbaruk alipigana, ndiyo, tena mara nyingi. Lakini kazi yake hasa ilikuwa siasa. Ukimsoma kama mwanasiasa ndipo unaelewa vile alivyodumu miaka yote ile, na ndipo unaelewa kwa nini alianguka kwa miezi kumi tu.

Kwa wageni: mimi ni kijana wa Ramisi, huku kusini ya Msambweni. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hiyo sina digrii ya historia wala ya kitu kingine. Nina simu, nina vitabu vya kuazima, na nina wazee wasiochoka kuulizwa. Tuendelee.

Kilichonifanya niandike ni Mholanzi mmoja. Msiondoke, nitarudi Gasi sasa hivi. Anaitwa Johan van Oldenbarnevelt, jina ambalo ukilitamka haraka ni kama mtu ameangusha sinia la vikombe. Huyu mzee ndiye aliyekuwa mshauri mkuu wa Holland kuanzia 1586, na kwa miaka zaidi ya thelathini hakuna jambo kubwa la nchi lililopita bila yeye. Hakuwa mfalme. Hakuwa jenerali. Alikuwa mwanasheria mwenye kalamu, mdomo na kumbukumbu. Mwaka 1602 ndiye aliyewabana wafanyabiashara wa Kiholanzi waliokuwa wakinyang'anyana biashara ya viungo vya Asia, mpaka wakakubali kuungana katika kampuni moja, ile VOC, iliyopewa ruhusa ya kujenga ngome, kuandika mikataba na kupigana vita. Shikilia hilo neno kampuni. Mwaka 1609 akafanikisha mapatano na Hispania, vita visimame miaka 12.

Ungesema basi, mzee apumzike. Lakini adui wa nje alipotulia, wa ndani wakaanza kutazamana vibaya. Ugomvi wa madhehebu ukachanganyikana na ugomvi wa nani anaamuru askari. Na Maurits, amiri jeshi ambaye Oldenbarnevelt mwenyewe alisaidia kumpandisha akiwa bado kijana, akamgeuka. Mzee akakamatwa Agosti 1618. Tarehe 13 Mei 1619 akakatwa kichwa mjini The Hague mbele ya umati. Alikuwa na miaka 71.

Nilivyosoma hivyo, akili yangu ilikuja moja kwa moja hapa kwetu. Kuna watu ambao ujuzi wao wote ni kukaa katikati ya wakubwa wanaogombana. Wakubwa wakipatana, mtu wa katikati hana tena pa kusimama.

Sasa Gasi. Ukitoka Ramisi unapanda matatu ya kuelekea Ukunda, unapita Msambweni, mbele kidogo unashuka, unaingia ndani kuelekea baharini. Wengi mnaijua Gasi kwa mikoko, kina mama wa ile njia ya mbao juu ya matope, na Mikoko Pamoja iliyoanza kuuza hewa ukaa 2013. Ni sawa, ni kazi nzuri. Lakini kijiji hicho hicho ndicho kilichokuwa makao ya mtu aliyewasumbua masultani wa Unguja, mmoja baada ya mwingine, halafu akawasumbua Waingereza. Nyumba yake ya zamani imewahi kutumika kama shule. Watalii wanapelekwa pale wanapewa hadithi ya moshi wa pilipili, eti alivyokuwa akiwatesa wafungwa. Sijui kwa nini kila mtawala wa pwani lazima apewe hadithi moja ya kutisha ndiyo picha zipigwe.

Kumwelewa lazima uanze na babake. Mazrui walikuwa ndio watawala wa Mombasa, na kwa muda mrefu walikataa kuwa chini ya ukoo wa Busaidi wa Oman. Mwaka 1824, wakiona Sayyid Said anawakaribia, walimwomba nahodha wa Kiingereza aitwaye Owen apandishe bendera ya Uingereza Mombasa iwalinde. Akapandisha. Miaka miwili haikuisha vizuri, London ikasema haihitaji, bendera ikateremshwa 1826. Wakabaki peke yao. Mwaka 1837 Sayyid Said akaichukua Mombasa, na wakubwa wa Mazrui, pamoja na liwali wao wa mwisho Rashid bin Salim, wakakamatwa kwa hila, wakasafirishwa mpaka Bandar Abbas huko Uajemi. Hawakurudi.

Mbaruk alikuwa mtoto wa huyo Rashid bin Salim.

Fikiria kulelewa na hadithi hiyo. Babako aliamini bendera ya mkubwa mmoja, ikateremshwa. Halafu akamwamini mkubwa mwingine, akapandishwa jahazi. Mimi sidhani mtoto wa namna hiyo anakua akiwa na imani na bendera yoyote. Anakua akijua bendera ni kitu cha kukodi, na mwenye akili hakodi kwa mtu mmoja tu.

Mazrui waliobaki waligawanyika pande mbili. Wengine walikwenda kaskazini, Takaungu, kule karibu na Kilifi, na hao kwa jumla walielewana na Unguja. Wengine walikuja kusini, Gasi. Hawa wa Gasi hawakusahau Mombasa. Mbaruk alipokuwa mkubwa wao, maisha yake yakawa ni duara: anagombana na Sultani, jeshi linatumwa, anakimbilia bara kwenye boma lake la Mwele, ndani ya misitu nyuma ya Gasi upande wa Shimba Hills, wanachoka kumfuata, wanapatana, anarudi Gasi, anapewa posho. Miaka michache, duara linaanza tena. Mwaka 1882 Sultani Barghash alimtuma Lloyd Mathews, afisa wa Kiingereza aliyekuwa akiongoza askari wake, na Mwele ikashambuliwa. Mbaruk akatoka hai, na baadaye huyo yuko Gasi tena, anakunywa kahawa.

Watu wanasoma hapo wanasema, huyu bwana mkaidi. Mimi nasoma hapo nasema, huyu bwana anafanya mazungumzo. Kila uasi ulikuwa ni njia ya kupandisha bei. Sultani alikuwa anajua ni ghali zaidi kumfukuza Mbaruk msituni kuliko kumlipa akae Gasi kwa amani. Na Mbaruk alikuwa anajua kwamba Sultani anajua.

Wajerumani walipoanza kuzunguka pwani hii katikati ya miaka ya 1880, Mbaruk akafanya nini? Akapandisha bendera ya Kijerumani Gasi. Sultani akatetemeka, Mwingereza akakunja uso. Kisha ilipokuja kampuni ya Mackinnon, ile Imperial British East Africa Company iliyopewa hati ya malkia mwaka 1888, akapatana nayo pia, akachukua posho yake. Na Abushiri bin Salim alipowasha moto Pangani mwaka huohuo dhidi ya Wajerumani, moto ulioshika pwani yote ya kusini, Mbaruk hakujiunga. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na aliyeongoza vita vya kumwangusha alikuwa Mjerumani aitwaye Hermann von Wissmann. Kumbukeni jina hilo.

Ukitaka kumwita mnafiki, mwite. Mimi naona mtu anayefanya hesabu.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinaandikwa mbali sana na Gasi. Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani walikaa wakagawana: kutoka karibu na Vanga mstari unapanda kuelekea bara, kaskazini ya Mwingereza, kusini ya Mjerumani. Sultani akaachiwa ukanda wa maili kumi wa pwani, na huo nao ulikuwa njiani kuliwa. Julai 1890 wakaandikiana tena, Mwingereza akapata Unguja na Pemba chini ya himaya yake, Mjerumani akapewa kisiwa cha Heligoland huko kwao kwenye baridi. Hakuna aliyemwuliza Mbaruk. Hakuna aliyemwuliza Mdigo wa Lunga Lunga ambaye shamba lake liko huku na shangazi yake yuko kule.

Nawaeleza kwa lugha ya Ramisi. Sisi huku tunajua miwa. Muwa ukishakatwa hauwezi kukaa nao, kila siku inayopita sukari inapungua, lazima ufike kwenye mashine. Kama kuna kiwanda kimoja tu, wewe mkulima huna bei. Unaweza kuwa na ekari mia, unaweza kuwa mwerevu kuliko meneja, lakini huna bei, kwa sababu yule jamaa akisema hapana huna mwingine wa kumwendea. Kiwanda cha Ramisi kilipofungwa 1988, mimi nilikuwa bado sijazaliwa, lakini nimekulia ndani ya kimya chake. Wazee bado wanataja majira ya king'ora cha kiwanda kama wengine wanavyotaja majira ya sala. Mji mzima ulikuwa umesimama juu ya mnunuzi mmoja.

Kabla ya 1886 Mbaruk alikuwa na wanunuzi watatu: Sultani, Mwingereza, Mjerumani. Bidhaa yake ilikuwa utulivu wa pwani kutoka Likoni mpaka Vanga. Kila mmoja aliuhitaji, kila mmoja aliogopa mwenzake asiununue kwanza. Baada ya 1890 Mjerumani hakuwa na ruhusa ya kununua upande huu tena, na Sultani alikuwa mfukoni mwa Mwingereza. Akabaki mmoja. Yeye mwenyewe hakubadilika, bado alikuwa na Mwele, bado alikuwa na watu na bunduki na jina. Soko ndilo lililofungwa, na ilichukua miaka mitano mlango kumgonga usoni.

Uligonga kupitia msiba. Februari 1895 Salim bin Khamis, mkubwa wa Takaungu, alifariki. Waliotaka kumrithi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwanawe, Rashid bin Salim. Wa pili alikuwa mpwa wake, mkubwa kwa umri na mwenye haki zaidi kwa desturi ya ukoo, naye aliitwa, mtanisamehe, Mbaruk bin Rashid. Ndiyo, jina lilelile. Mazrui walikuwa wakirudia majina kama sisi tunavyorudia nywila za simu. Kampuni ikamchagua kijana, Rashid, kwa sababu alikuwa mpole kwao. Mbaruk wa Takaungu akakataa, akaasi, akapigwa, akakimbia kusini. Akabisha hodi Gasi.

Hapa ndipo siku zote nasimama. Mbaruk wetu alikuwa anakaribia sitini au ameshapita. Alikuwa na posho. Na hao wa Takaungu, wallahi, hawakuwa marafiki zake, ndio waliokaa upande wa Unguja miaka yote aliyokuwa akilala msituni. Mwingereza alimtaka jambo moja tu: amtoe huyo mgeni. Mwanasiasa wa hesabu angemtoa. Na kwa wiki kadhaa inaonekana alijaribu kila kitu isipokuwa kuamua. Aliahidi, akachelewesha, akatuma barua, akaomba muda.

Nilimwuliza mzee mmoja pale Gasi kwa nini hakumtoa tu. Nilianza kwa adabu zote, "Shikamoo mzee," akaitikia, akanitazama kama nimeuliza kwa nini bahari ina chumvi. "Mwanangu," akaniambia, "mtu wa ukoo wako ameingia ndani mwako anakimbia. Utamtoa, halafu utakaa wapi?"

Hilo ni jibu la heshima, na nalikubali nusu. Nusu nyingine naona ni siasa bado. Kama kampuni inaweza kuamua nani anarithi Takaungu, basi siku Mbaruk akifa, kampuni itaamua nani anarithi Gasi. Desturi ya ukoo kuchagua mkubwa wake ndiyo ilikuwa kitu cha mwisho alichobaki nacho ambacho hakikuwa posho. Akikiachia hicho, anakuwa mfanyakazi wa watu, na mfanyakazi anafutwa.

Halafu kejeli kubwa. Wakati anasitasita, kampuni yenyewe ilikuwa inakufa. Ilikuwa imefilisika, na serikali ya Uingereza ikainunua kwa pauni 250,000, sehemu kubwa ikiwa ni fedha ya Unguja. Tarehe 1 Julai 1895 Mombasa wakatangaza himaya mpya, East Africa Protectorate, chini ya Arthur Hardinge. Kwa hiyo ugomvi ambao Mbaruk aliuanza na kampuni ya wafanyabiashara, aliupigana na serikali ya kifalme. Na kampuni unaweza kuichosha, maana ina mahesabu, ina wenye hisa wanaolalamika. Serikali iliyofika wiki ile haiwezi kukubali kushindwa mbele ya watu wake wapya.

Mwezi huohuo Gasi ikachukuliwa. Agosti 17, Admirali Harry Rawson akafika Mwele na mabaharia na askari, akaivunja. Rawson huyu ndiye mwaka uliofuata aliyepiga kasri la Sultani Unguja katika vita vile vilivyokwisha kabla ya saa moja, na 1897 akaenda kuichoma Benin. Nawaambia ili mjue ukubwa wa mtu aliyetumwa kwenye msitu wa nyuma ya Gasi.

Lakini vita havikwisha Mwele. Vilisambaa. Hamisi bin Kombo wa Mtwapa akaingia. Baadhi ya Wagiriama, kwa msaada wa Ngonyo, wakapitisha chakula. Wapiganaji wakawa wanatokea huku na kule, Vanga leo, kaskazini kesho, na Mwingereza akalazimika kuleta kikosi cha Wabaluchi kutoka India, Machi 1896, ndipo akapumua. Wafuasi wa Mbaruk hawakuwa Mazrui watupu. Kulikuwa na Wadigo, kulikuwa na watoro waliowakimbia mabwana wao, kulikuwa na watumwa wake mwenyewe wenye bunduki mkononi.

Na hapo naja kwa kundi la pili la komenti, kwa sababu mna haki na sitawaruka. Ndiyo, alikuwa na watumwa. Utajiri wa Gasi na Takaungu ulikuwa mashamba, na mashamba yalilimwa na watu waliotekwa ama kununuliwa. Watu wa bara, Wadigo na Waduruma miongoni mwao, waliishi wakiogopa bunduki za pwani. Utumwa kwa sheria ulifutwa kwenye pwani hii 1907, baada ya yeye kuondoka. Ule utulivu aliokuwa akiuuza kwa wanunuzi watatu, mtu mwingine ndiye aliyekuwa akiulipia, na mtu huyo hana jina kwenye barua yoyote ya Hardinge wala ya Mbaruk. Kwa hiyo msiniombe nimpige debe apate sanamu. Mekatilili ana sanamu yake Malindi, na anastahili, yeye alisimama na watu wake wasipelekwe kufanya kazi za Mwingereza. Mbaruk ni kitu kingine.

Lakini kusema "alikuwa na watumwa" halafu kufunga mlango pia hakunitoshi. Waingereza waliompiga hawakumpiga kwa sababu ya watumwa. Rashid waliyemweka Takaungu alikuwa na watumwa vilevile, na wakakaa naye vizuri. Mbona komenti zenu hazimtaji huyo? Kwa sababu hakupigana, hakuna anayemkumbuka, hakuna wa kumgombania. Na tazama waliopata karatasi. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwawekea Mazrui wa Takaungu ardhi yao chini ya amana, sheria iliyoleta kesi mpaka karne hii. Gasi haikuandikiwa sheria kama hiyo. Mtu akiniuliza kwa nini mambo ya 1895 yananihusu mimi wa Ramisi, namwambia aulize swali moja tu katika kijiji chochote kati ya hapa na Ukunda: hati iko wapi? Atapata jibu la masaa mawili, na ndani yake majina yatabadilika, kampuni zitabadilika, lakini kila wakati kuna mtu aliyekuwa amekaa mahali fulani akiandika mstari, na sisi tukaambiwa baadaye.

Wenzangu wa umri wangu wanapenda kuniambia, "Bro, achana na wazee waliokufa, ongelea mambo ya sasa." Haya, ya sasa. Kila msimu wa kura wanakuja huku wakubwa wawili watatu, na viongozi wetu wanafanya kile kile cha Mbaruk, mguu huku mguu kule, na sisi tunawaita wajanja. Sikatai, ni ujanja. Pwani ndogo inayobembeleza wakubwa wengi inapata barabara, inapata kisima. Ninachowauliza wanasiasa wetu ni mpango wa siku ile wakubwa wakipeana mikono kule Nairobi, maana tumeona wakipeana mikono, tena hadharani. Siku hiyo wewe uliyekuwa ukiuza kura za kusini kwa pande mbili, unamwuzia nani? Mbaruk angalau alikuwa na Mwele.

Na alikuwa na kitu kimoja zaidi ambacho Oldenbarnevelt hakuwa nacho: mpaka. Mholanzi alikamatwa katikati ya serikali aliyoijenga mwenyewe, hakuwa na pa kuvukia. Mbaruk alikuwa na Vanga. Mstari uleule waliouchora 1886 bila kumwuliza, ule uliofunga soko lake, Aprili 1896 aliutumia. Wabaluchi nyuma, msitu umekwisha, chakula kimekwisha, akawavusha watu wake, zaidi ya elfu moja, akaingia ardhi ya Mjerumani na kusalimu silaha kwa gavana.

Gavana alikuwa nani? Wissmann. Yuleyule wa Abushiri.

Nimefikiria sana ile siku. Mzee wa Gasi anasimama mbele ya mtu aliyeongoza vita vilivyomfikisha mwenzake kwenye kamba, miaka saba tu nyuma, kilomita si nyingi kutoka pale. Na anatoka na nini? Anatoka na uhai, makazi Dar es Salaam, na posho. Waingereza walimtaka, Wajerumani wakamweka. Maana hata kama mikataba ilikuwa imeandikwa, hao wawili bado walikuwa wakitazamana, na Mjerumani hakuona ubaya kuwa na Mazrui mmoja mfukoni, kwani nani anajua kesho. Mbaruk akiwa hana boma, hana mji, amezeeka, alikuwa amepata mnunuzi wa pili tena.

Aliishi Dar miaka kumi na minne mingine, akafa huko 1910. Nyuma yake Gasi ilibaki na nyumba, mikoko na watu ambao hawakuvuka.

Ninachotaka kwenu sasa ni kimoja. Wale zaidi ya elfu moja waliovuka hawakuwa masheikh wote. Walikuwa wapagazi, wanawake, watumwa, watoto, Wadigo waliofuata kwa mapenzi na waliofuata kwa sababu walikuwa mali ya mtu. Wengine walirudi, wengine walibaki upande wa Tanga na Dar mpaka leo. Kama kwenu kuna hadithi ya bibi au babu aliyevuka wakati ule wa "vita vya Mbaruk", nitumieni sauti kwenye inboksi, hata kama ni sentensi mbili, hata kama mnadhani imechanganyika. Na kama babu yenu alibaki, hiyo naitaka zaidi. Mapigano ya komenti endeleeni nayo, lakini matusi ya wazazi nafuta.